Pete ya Shaba Kwenye Ufunguo

Ngusa alikuwa sonara pale Katoro, mtu mpole kupita kiasi, na mimi watu wapole wananichosha. Kibanda changu cha kuchonga funguo za magari kilipakana na chake. Kila siku nilimfokea kwa ajili ya moshi wa jiko lake, naye akicheka tu. Lakini mikono yake niliiheshimu. Pete aliyoiunga Ngusa, hata uigeuze juani, huoni ncha zilipokutana.

Katoro kitu kidogo kikivunjika, watu wanakimbilia kwa sonara. Ndivyo alivyofanya Marcel, shemeji yake waliyekaa naye ua mmoja, siku kichwa cha ufunguo wa gari lake kilipopasuka. Mimi nilikuwa nimekwenda Geita kununua vifaa. Ngusa akapima, akaunga pete ya shaba, akakivika kile kichwa ikakaza kabisa. Marcel akarudi nyumbani akiringa nao.

Mchana ule ule Sesilia, mke wa Ngusa na dada yake Marcel, mwenye mimba kubwa, akaanza kutokwa na damu nyingi. Wakamlaza kiti cha nyuma. Marcel akawasha. Injini ikaunguruma kidogo, ikazima. Akarudia, ikazima. Wakabadilisha betri, wakakagua mafuta, wakagombana. Bodaboda alikuja, ila mgonjwa hakuweza tena kukaa. Dereva wa gari la kukodi alijibu kila walipompigia kwamba yuko njiani, mwongo mkubwa yule. Mimi walinipata nikishuka stendi.

Nilipouona ufunguo nilitukana. Ufunguo wa aina ile hauna betri ya kuwashia gari. Kuna koili, waya uliosokotwa, iliyozunguka tundu la swichi. Inarusha nguvu kidogo hewani, na kichipu kilichofichwa kichwani mwa ufunguo kinaamka kwa nguvu hiyo, kinajibu kwa namba yake. Gari likiitambua namba, linaacha injini iendelee. Shaba iliyozunguka kichwa bila mwanya wowote inaila nguvu ile yote, na kichipu kinabaki kimelala. Sasa nani angemwambia sonara mambo hayo? Mimi, kama ningekuwepo.

Nikaikata pete kwa koleo. Injini ikawaka mara moja, na Marcel akaanza kulia hapo hapo kwenye usukani. Ikabidi niendeshe mimi. Ngusa alikuwa nyuma amempakata mkewe, anamsemesha Kisukuma bila kupumzika, na mimi niliogopa sana pale Sesilia alipoacha kumjibu. Alikata roho kabla hatujaingia Geita. Mtoto naye hakupona.

Tulipomaliza kuzika, Ngusa alikuja kibandani kwangu akakaa kwenye benchi la wateja.

"Charles, ile pete. Ningeiacha na mwanya, hata wa unywele, gari lingewaka?"

Lingewaka. Umeme unaozunguka ndani ya shaba ungekatika pale penye mwanya, nguvu isingeliwa, kichipu kingeamka. Nililijua hilo kabla hajamaliza kuuliza, na moyo uliniuma.

"Hapana, ndugu yangu," nikamwambia taratibu. "Isingesaidia kitu. Pole sana."

Akainuka kwenye benchi.

"Tangu tufahamiane hujawahi kunijibu kwa upole," akasema. "Kwa hiyo lingewaka."