Marehemu Alihesabu Springi Zangu

Kwanza tuelewane. Hapa Rumonge wapo wanaosema niliharibu kazi, kisha nikatunga marehemu wa kunifichia aibu. Wanayasema hayo wakiwa wamekaa kwenye benchi langu, wanakunywa chai yangu. Sasa nikuulize wewe: mtu anayeficha aibu hutunga kisa ambacho ndani yake mwenye makosa ni yeye mwenyewe? Ningetaka kudanganya ningejipamba. Haya ninayokueleza yalinikuta mimi, mchana kweupe, siku ya Ijumaa, nimeshiba na sina homa.

Mimi ni fundi wa injini. Mama Asha, mjane wa Minago anayefanya biashara ya mawese, aliniletea pikapu aliyoachiwa na mumewe. Mume huyo sikuwahi kumwona, alikufa kabla sijahamia huku, ila nilisikia kwamba gari lake alikuwa akilitengeneza mwenyewe. Bodi ilikuwa nzima, lakini injini imechoka. Kila Mama Asha akipakia madumu yake na akina mama wa Magara wanaokwenda sokoni juu, wakifika kwenye milima ya Bugarama inakohoa na kutaka kurudi nyuma.

Tukakubaliana nibadilishe kamshafti, niweke ile inayoinua vali juu zaidi ili injini ipumue vizuri. Na ukiweka hiyo, lazima ubadilishe na springi za vali, zote nane. Za zamani zimelegea, haziwezi kuirudisha vali kwa wakati. Vali isiporudi kwa wakati, pistoni inaigonga, na injini imekufa palepale. Ifie mlimani gari likiwa limejaa watu, sina haja ya kukumalizia.

Springi mpya zilifika kutoka Bujumbura nane ndani ya boksi. Saba safi. Ya nane imepinda. Kupata nyingine ni kungoja mpaka Jumatatu, na Mama Asha alitaka gari lake jioni ileile, kwa sababu kesho yake ni soko. Basi nikafanya jambo ambalo mafundi wengi hulifanya na hakuna anayelisema. Nikachagua moja katika zile za zamani, iliyoonekana ngumu kuliko wenzake, nikaweka washa, kile kipete chembamba cha chuma, chini yake ili ilingane na mpya. Nikaificha kwenye vali ya moshi, silinda ya tatu. Nikafunga kifuniko, nikakaza bolti. Hakuna aliyeniona. Wenzangu wote walikuwa msikitini, na mimi, Mungu anisamehe, niliacha sala ya Ijumaa ili niwahi kumaliza.

Hotuba ilikuwa ikisikika kwenye kipaza sauti na barabara ilikuwa tupu. Nikainua kichwa, mzee amesimama ng'ambo ya injini. Sikumsikia akiingia. Ovaroli ya buluu, kofia ya kahawia iliyoshonwa pembeni kwa uzi wa kijani, mikono myeusi kwa oili. Nikadhani ni fundi wa gereji nyingine.

"Amahoro, fundi," akasema.

"Amahoro, mzee."

"Ile ya tatu iko ya zamani. Na umetia rondele chini yake."

Rondele ndiyo hiyo washa. Niambie, wewe ungefanya nini? Kifuniko kimefungwa, na mtu nisiyemjua anasoma kilichomo ndani. Najua nilipaswa kuogopa. Wallahi sikuogopa, nilikasirika. Hakuna fundi mwenye adabu anayeingia gereji ya mwenzake akamhesabia vyuma.

"Weye uko nani?" nikamwuliza. "Nani amekuita hapa?"

Alichukua kitambaa changu cheupe, ambacho mke wangu alikuwa amekichana asubuhi ile kutoka kwenye shuka kuukuu, akajifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole, akakirudisha juu ya betri.

"Fungua," akasema.

Kisha akazunguka nyuma ya pikapu. Mimi nikapita upande wa pili kumkabili, maana maneno yangu yalikuwa hayajaisha. Hakutokea. Nyuma ya gereji yangu kuna ukuta tu. Nikainama, nikatazama chini ya gari. Hakuna mtu.

Nikarudi kwenye kitambaa. Kilikuwa cheupe. Wewe huenda usione ajabu yake, lakini fundi yeyote anajua mikono yenye oili ya injini inavyokifanya kitambaa. Kile hakikuwa na hata alama ya kidole. Nikakigeuza, na upande wa pili pia ulikuwa mweupe.

Na bado, niamini, sikufungua. Kiburi hicho. Nilikaa nikijiambia ni joto, ni uchovu. Mama Asha alipokuja baada ya alasiri, nilikuwa nimeshika ufunguo tayari kumkabidhi. Lakini hasira ilinitoka mdomoni kabla sijaizuia. Nikamwambia kuna mzee alikuja hapa akaniudhi, mzee mwenye kofia ya kahawia yenye uzi wa kijani.

Mama Asha akakaa juu ya tairi.

"Ule uzi nilishona mimi," akasema. "Alikuambia nini bwana yangu?"

Nikamweleza yote, pamoja na ile springi. Nilingoja anitukane, na ningestahili. Springi hakuijali hata kidogo.

"Miaka ine," akasema kwa hasira. "Miaka ine hajanijia, hata mu ndoto. Mutoto wetu aliolewa, hakuja. Nililala mu hopitali, hakuja. Leo anakuja kwako, juu ya resori?"

Resori ni springi. Nilifungua kifuniko mbele yake, nikaitoa, nikaisafisha kwa petroli. Kwenye mzunguko wa pili kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ingekatika. Na kesho yake alikuwa apande mlima na akina mama saba nyuma yake.

Gari lilibaki kwangu mpaka springi mpya ilipofika. Ile yenye ufa nikaitundika kwenye msumari juu ya benchi, iniaibishe kila asubuhi.

Ungedhani yameisha. Ijumaa mbili baadaye, saa ya sala, Mama Asha akaja na gari lisilo na tatizo lolote. Akakaa juu ya tairi, macho yake nyuma ya pikapu, mpaka watu walipotoka msikitini, akaondoka. Ijumaa iliyofuata vilevile. Ijumaa ya tatu akasema bila kunitazama:

"Fundi, ile ya zamani uirudishe mu gari. Siku moja tu. Sitapakia watu."

Nilimkatalia, tena kwa ukali ambao mpaka leo unanichoma. Nilimwambia siweki chuma chenye ufa kwa ajili ya mtu yeyote, awe hai au awe amekufa. Akaondoka bila kuaga. Asubuhi yake nikakuta msumari mtupu, springi haipo.

Nilipanda pikipiki mpaka Minago nikiwa nachemka. Angeweza kumpa fundi yeyote njiani aiweke, na mafundi wa kukubali hawakosekani. Nikakuta pikapu uani, na rangi niliyopaka juu ya bolti za kifuniko, ili nijue kama zimefunguliwa, haijaguswa. Mama Asha alikuwa anachuja mawese. Hakungoja nimwulize. Alifungua fundo la kitenge chake, springi ikiwa ndani, imepakwa mawese isishike kutu.

"Sijaiweka," akasema. "Niliogopa. Lakini usininyang'anye."

Sikumnyang'anya.

Tangu hapo sifungi kifuniko mpaka mwenye gari aje aone kwa macho yake. Wateja wengine wamenikimbia, wananiita fundi wa marehemu, na waende salama. Kitambaa kile ninacho, sijaweza kukitumia. Na wewe unayenisikiliza, ukipeleka gari lako kubadilishwa vifaa, dai vya zamani vyote na uvihesabu mbele ya fundi. Vikiwa saba badala ya vinane, usiwashe gari. Mimi nilihesabiwa na mtu ambaye hakuna anayetaka kumwona akimhesabia.

Na wewe mzee, kama bado unapita hapa saa ya sala ya Ijumaa, nisikilize vizuri. Gari lako ni zima, nimelikagua mwenyewe. Kwangu huna kazi tena. Nyumba ya Minago unaijua, na mkeo amekaa na kile kipande cha chuma kiunoni kwa sababu yako. Ulipata nafasi ya kuja kwa ajili ya springi. Basi nenda ukamsalimie.