Doa la Cheri Kwenye Kitanda cha Duka

Solange Pruvost aliuza vitanda ambavyo hakuwahi kuvilalia. Binti wa mchimba makaa wa kaskazini, aliingia Paris akiwa msichana, akaajiriwa katika duka moja kubwa, ghorofa ya magodoro, kazi ya kusimama kutwa nzima na meno nje mbele ya wake za matajiri. Kukaa chini kazini kulikuwa kosa la kufukuzwa. Chumbani kwake alibanana na dada yake juu ya godoro gumu kama ubao.

Juni ya 1936, baada ya vyama vya mrengo wa kushoto kushinda uchaguzi, karibu Ufaransa nzima iligoma. Wafanyakazi wa duka nao walijifungia ndani, mchana na usiku. Waliimba, wakapiga kodiani, wakapandisha vikapu vya mikate na soseji kwa kamba kutoka barabarani. Lakini sharti lilikuwa moja, nao walilishika kama dini: bidhaa haziguswi. Wamezungukwa na mito na mablanketi, walilala sakafuni juu ya maboksi, na wakajivunia. Magazeti ya matajiri yalikuwa yakiwaita wezi na wahuni. Yalitafuta ushahidi tu.

Mchana mmoja wenzake waliposhuka kucheza dansi, Solange alibaki zamu ghorofani. Miguu ilikuwa imemvimba. Akakitazama kitanda kikubwa chenye shuka nyeupe. "Dakika moja tu," akajiambia, na sote tunazijua dakika hizo. Alishtuliwa na vicheko vya ngazini, akaruka, akatandika harakaharaka, akashuka kujichanganya na watu. Cheri, vitunda vyekundu alivyopewa na watu wa barabarani, zilikuwa zimepondeka mfukoni mwake, lakini gauni jeusi la kazi halikuonyesha kitu. Shuka ilionyesha.

Jioni Edmond Tissier, mwenyekiti wa kamati ya mgomo, aliwakusanya kuzunguka kitanda.

"Ndugu zangu, nani katuaibisha hivi? Kesho waandishi wanakuja kutukagua!"

Kijana wa kaunta ya viatu akasema, "Si Bi Lacaze huyo? Tangu asubuhi mgongo, mgongo. Na kugoma kwenyewe alivutwa!"

Berthe Lacaze wa kaunta ya glavu, mama wa makamo aliyemfundisha Solange kazi, alipigwa na butwaa. "Mie? Jamani, mie? Zamu ilikuwa ya Solange. Mwanangu, hebu waambie kama uliniona huku."

Macho yote yakamgeukia Solange.

"Sikuona mtu," akasema. "Ila... nilishuka kidogo kunywa maji."

Ikatosha. Berthe alitolewa nje ya mlango mkuu, na umati wa barabarani, uliosikia habari kabla hajatoka, ukamzomea: "Kibaraka wa mabosi!" Solange alisimama dirishani akatazama mpaka mwisho.

Mgomo ulishinda. Mishahara ilipanda, na kwa mara ya kwanza wakapata likizo ya kulipwa. Berthe alirudi kwenye glavu zake, hakuna aliyemsalimu. Solange hakustahimili, akamfuata Tissier stoo akamwambia yote, akilia.

Tissier alifunga mlango kwanza. "Umechelewa, dada. Tumeshinda tukiwa safi. Leo niwatangazie watu kwamba tulimzomea asiye na kosa? Mabosi watacheka mpaka wazimie. Funga mdomo, nenda kaone bahari."

Angeweza kubisha. Badala yake aliona nafuu, akajisikia akisema, "Asante, Bwana Tissier."

Njia ya kutokea ilipita mbele ya kaunta ya glavu.

"Unakwenda baharini, mwanangu?" Berthe aliuliza.

"Kesho. Na wewe, Bi Lacaze?"

"Niende na nani? Kaoge na kwa niaba yangu."

"Nitaoga," Solange akajibu bila kumtazama, na hajawahi kujichukia kama alivyojichukia pale.