Samaki Asiyeonjwa

Kwa miaka thelathini na mmoja Khiem alitengeneza pikipiki mbele ya nyumba yake mjini Sa Dec, na muda wote huo hakuwahi hata kupika wali. Jiko lilikuwa la mkewe, Nhan. Khiem aliingia humo kuomba barafu tu.

Nhan alipofariki, dada yake mkubwa, Loan, alisubiri msiba upoe, kisha akasema lililokuwa moyoni. Kumbukumbu ya mwaka wa kwanza, na zote za baadaye, zifanyike kwake. Picha ya Nhan na bakuli la ubani vihamie huko. Marehemu hawezi kukaa nyumba isiyo na moto jikoni.

"Nitampikia mwenyewe," Khiem alisema.

"Utampikia nini, shemeji? Grisi?"

Hata hivyo alimpa nafasi ya mwaka huo mmoja. Chakula kikimwaibisha mdogo wake mbele ya ndugu, angeondoka na picha jioni hiyohiyo.

Khiem alichagua kitoweo alichokipenda Nhan: kambare wa chungu, kwa sukari iliyounguzwa na pilipili manga. Chungu cha kwanza kiligeuka mkaa. Cha pili paka wa jirani alikinusa, akaenda zake. Muuza samaki aliyemzoea Nhan alimwonyesha jinsi ya kumsugua kambare kwa chumvi na siki mpaka utelezi uishe, akamcheka, akamwongezea kichwa cha bure. Kufikia mwezi wa nane aliweza kuipata ladha, ila kwa kuonja kila mara, kidogo kidogo, kama anayekaza nati.

Siku moja Loan alipita, akamkuta na kijiko mdomoni.

"Unajua siku yenyewe huonji?"

Alijua, ila hakuwa amelifikiria. Chakula cha marehemu, marehemu ndiye wa kwanza kukila. Aliye hai akikigusa kwa ulimi kabla ubani haujaisha, amempa mwenziwe makombo.

Alikaa siku mbili bila kuwasha jiko. Siku ya tatu alipika mikono ikiwa nyuma, akisikiliza. Injini hakuwahi kuzionja, na alizijua kwa mlio. Akagundua kuwa mchuzi mwepesi hububujika mbiombio, kama pikipiki isiyo na mzigo. Ukikolea, mapovu huja mojamoja na kupasuka kwa mkoromo. Hapo alizima, ndipo akaonja. Akarudia hivyo wiki baada ya wiki.

Siku yenyewe Loan alifika asubuhi, akaketi mlangoni mwa jiko kama mlinzi. Khiem alipoinamisha sikio juu ya chungu, shemeji yake akauliza kama samaki anamsengenya mtu. Mlio ulipogeuka Khiem alizima moto, akapeleka bakuli mbele ya picha, akawasha vijiti vya ubani. Wakasubiri, pamoja na ndugu waliokuja, vijiti vyote vitatu viwe jivu.

Loan ndiye aliyeanza kula. Alitafuna polepole, ndugu wote wakimtazama yeye.

"Chumvi imezidi," alisema.

Khiem akainamia bakuli lake. Alipoinua macho, Loan alikuwa akijipakulia wali mara ya pili. Kisha mara ya tatu, akikwangua mchuzi uliogandia chini ya chungu.

Jioni Loan aliosha vyombo, akaishusha picha ya mdogo wake, akaipangusa kioo taratibu. Loan akairudisha palepale.

"Mwakani punguza chumvi," alisema akivaa kandambili. "Nitakuja mapema nikumenyee vitunguu. Wewe unavimenya kama unabandua tairi."