Kichwa cha Kuhe

Ziwa lilipofunguliwa nilikuwa dukani kwangu Majengo, hapa Sumbawanga, nampimia mteja kitenge, na nusura nikikate vibaya. Habari aliileta muuza ndizi anayepita kila asubuhi: wavuvi wa Kabwe wameingia ziwani, samaki wabichi wapo. Kwa miezi mitatu Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa ili samaki wazaliane, na mimi nilikuwa nimekula maharage mpaka nikayachukia. Migebuka wakavu walikuwepo sokoni, sikatai. Lakini samaki mkavu na samaki wa leo ni vitu viwili, na anayebisha hajawahi kukaa kwenye benchi la bibi wa Kabwe.

Mgahawa wa bibi huyo ni bati juu, mchanga chini, na ziwa mbele. Bei haijaandikwa ukutani kwa sababu ukuta wenyewe hakuna. Anapika kitu kimoja tu: kuhe, yule samaki mkubwa mwenye nyama nene, kwa mawese, nyanya na pilipili, pamoja na ugali wa muhogo. Hana sahani. Mliokuta chungu kimeiva mnaketi kwenye sinia moja, mjuane msijuane. Na kuna sheria ambayo hakuna anayeitamka maana kila mtu anaijua: mkubwa kuliko wote kwenye sinia ndiye anayemmega samaki. Anampa kila mtu kipande chake, na kichwa anampa anayempenda siku hiyo. Yeye mwenyewe kichwa hakichukui. Kabla hajamega, hakuna mkono unaoingia.

Mimi ni mtu wa kichwa. Miili ya samaki nawaachia wengine. Kichwa cha kuhe kina vinyama vyake nyuma ya mashavu, kina mafuta machoni, kina ubongo wa kunyonya taratibu. Tangu Majengo hadi nyumbani Milanzi nilikuwa nakiwazia kichwa hicho, na njiani nikaamua kwamba kesho yake nitakwenda na baba.

Baba yangu amezaliwa Kabwe. Alipanda huku juu kwenye baridi akiwa kijana, akawa fundi seremala, na nusu ya vitanda vya mtaani kwetu vimetoka mikononi mwake. Mwaka jana alipata kiharusi. Mguu ulipona, mdomo ukakaa sawa, lakini mkono wa kulia ukalala na haujaamka. Tangu hapo hajala mbele ya mtu. Chakula anapelekewa chumbani, mlango unafungwa, na sisi mezani tunasikia kijiko kikigonga bakuli. Kwetu mkono wa kushoto hauingii kwenye chakula cha watu, na yeye ndiye aliyetufundisha hivyo, tena kwa makofi. Alikuwa amekonda. Nilichokuwa nakitaka kuliko hata kichwa cha kuhe ni baba atoke chumbani, ale na watu.

Nilipomtajia Kabwe, alitazama pembeni kidogo. "Bibi yule bado anapika?" akauliza.

"Anapika."

"Basi nitafutie koti langu, mama."

Nikatia kijiko kwenye mkoba. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nitamwomba bibi atutengee chetu pembeni kwenye bakuli, baba ale kwa kijiko akitazama ziwa, hakuna atakayemwona. Niliona nina akili sana.

Tukaondoka asubuhi kwa kigari changu, na sweta zetu za Sumbawanga. Baada ya Namanyere barabara inaanza kushuka, na kila kona joto linaongezeka. Mimi nilikuwa naimba. Baba aliniambia nipunguze mwendo, samaki hana miguu. Ziwa lilipojitokeza chini yetu, bluu mpaka ng'ambo ya Kongo, aliacha kunisema akashusha kioo. Harufu ya moshi na samaki ilipotufikia nilihisi mate yamejaa mdomoni, na nilipomgeukia nikaona na yeye anameza.

Bibi alimtambua kabla hajashuka vizuri. Wakasalimiana kwa Kifipa kwa muda mrefu, wakicheka. Mimi nikampa shikamoo, akaitikia, nikamsogelea kumnong'oneza habari ya bakuli.

"Bakuli la nini?" akasema kwa sauti ya kusikika hadi majini. "Chungu kimeshuka sasa hivi. Kaeni."

Kwenye mabenchi ya pande mbili za meza walikuwepo wavuvi wanne, wametoka ziwani asubuhi hiyo, nguo bado na magamba. Wakainuka wote: shikamoo mzee, shikamoo mzee. Wakasogea, baba akaketi katikati, mimi kando yake. Sinia likaletwa. Ugali unatoa moshi, na juu ya mchuzi mwekundu amelala kuhe mzima, mkubwa kiasi kwamba mkia ulining'inia nje. Moyo wangu ulidunda, sisemi uongo. Kisha nikaona wale wanaume wote wanne wamenawa, wametulia, na wanamtazama baba.

Ndipo nilipokumbuka sheria. Siku zote huwa kuna mzee mmoja au wawili pale, sikuwahi kufikiria kwamba mkubwa wa sinia angekuwa baba. Na baba mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti. Sura yake ilijifunga vilevile inavyojifunga jioni anapobeba bakuli lake kwenda chumbani. Akawa anaitazama barabara tuliyokuja nayo.

"Nitamega mimi," nikasema, na nikanyoosha mkono.

"Toa mkono wako," baba akasema, taratibu sana.

Nikautoa. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, sijui nani, labda mimi mwenyewe na kijiko changu. Nilimleta mbali kote huku kuja kumwaibisha kwao. Mchuzi ulikuwa unaanza kuganda pembeni.

Mvuvi mmoja aliyekaa mkabala nasi, mtu wa umri wangu, akautazama mfuko wa koti la baba, akakohoa. "Mzee," akasema, "nisamehe. Sisi tumemvua huyu, na tuna miezi mitatu hatujamla. Mega tu. Hata kwa mguu."

Wenzake wakainamisha vichwa. Mmoja akamkanyaga chini ya meza, nikaona. Baba yangu si mtu wa kuzoewa.

Baba akamtazama yule mvuvi. Akatazama samaki. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani ni hasira, kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu hospitali. Wavuvi nao wakashusha pumzi, wakacheka. Baba akamnyooshea bibi mkono wa kushoto juu ya beseni.

"Maji," akasema.

Bibi akammiminia, kama anavyommiminia mtu yeyote.

Akammega kuhe kwa mkono ule. Mkono ulikuwa mzito mwanzoni, kipande cha kwanza kilimponyoka kikarukia kwenye ugali, akakiokota akampa yule mwenye mdomo. Lakini fundi ni fundi, alijua mfupa unapolegea. Kipande cha mgongo, kipande cha tumbo, kila mtu akapata, na hakuna aliyetazama mkono uliompa. Walikuwa wanatazama samaki. Mikono ikaingia kwenye sinia, ya kulia mitano na wa kushoto mmoja, na kwa muda mrefu tulisikika tukitafuna tu. Mawese, pilipili, nyama inayojiachia yenyewe kwenye mfupa: nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, kamasi zinanitoka na sijali.

Kichwa kilikuwa bado. Nikajisogeza. Nikakohoa kidogo. Baba akakiinua, kinachuruzika mchuzi, akakipitisha mbele ya pua yangu, akakipeleka mdomoni kwake.

"Mzee," bibi akasema, "kichwa hujipi mwenyewe."

"Leo najipa," baba akasema, akaanza kwenye shavu.

Nilimwambia ananionea. Wavuvi wakaniunga mkono. Hakutusikiliza. Alinyonya macho, akavunja taya, akatafuta ubongo kwa kidole, akifanya kelele zote ambazo sisi watoto tulipigwa kwa kuzifanya. Mawese yalimtiririka hadi kwenye kiwiko cha kushoto, na hakuna mlango uliokuwa kati yetu.

"Hiki chumvi imezidi kidogo," akaniambia mdomo umejaa, akanisukumia fuvu tupu upande wangu. "Jumapili tuje tena, tuone kama bibi amejirekebisha."