Sauti Tatu za Saa Sita Kasorobo

Mtaani kwetu baba yangu anajulikana kama Fundi Moja-Mbili. Kila redio kaseti anayoitengeneza huijaribu kwa kurekodi sauti yake mwenyewe: "Moja, mbili, tatu, fundi yupo kazini." Akishaisikia vizuri ndipo humkabidhi mwenyewe mali yake. Zaidi ya miaka thelathini hajawahi kuiruka hatua hiyo, na ndiyo iliyoninyima sauti ya mama.

Mama alikuwa mmoja wa wanawake watatu walioitikia katika bendi ya Saa Sita Kasorobo, bendi ambayo hata majirani zake hawakuijua. Walirekodi wimbo mmoja tu. Ukapigwa redioni mara mbili, basi, kimya. Mama alifariki nikiwa na miezi minane. Baba alibaki na kanda moja ya wimbo ule, akaivunja kile kijino cha nyuma ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Kisha siku moja akaja mteja msumbufu, analalamika kwamba redio yake inarekodi dakika chache halafu inakata. Baba, amesimamiwa kichwani, akaokota kanda iliyokuwa karibu, akaona tundu la kijino, akaliziba kwa selotepu ili ikubali kurekodi, kama alivyoziba kanda za watu maisha yake yote, akaiacha irekodi upande mzima. Redio haikukata.

Aliponisimulia nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilimnunia wiki mbili. Hata sasa nikikasirishwa na jambo lingine kabisa, namkumbusha kanda ile. Si haki, najua, lakini mdomo wangu hauna breki.

Tangu hapo baba hapitwi na kanda kuukuu. Amezifuata minadani, kwenye maduka yanayofungwa, kwenye nyumba za watu wanaohama. Mimi nimekua nikisikiliza bendi ambazo dunia imezisahau na wala haijutii. Kuna Nyota Watano, ambao kwenye picha ya jalada wapo wanne, tena mmoja amefumba macho. Kuna Karatasi Jazz, bendi ya makarani, waliogonga taipureta badala ya ngoma wakimlilia mpenzi aliyehamishiwa idara nyingine. Kuna mwimbaji mmoja aliyepiga chafya katikati ya ubeti, akaomba radhi, akaendelea. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Wimbo wenyewe ni mtamu ajabu, na sidhani kama tunaoujua tunafika watatu. Lakini tukishamaliza kucheka nilijua baba anawaza ninachowaza mimi: mbona hawa wamebaki?

Mwezi uliopita, mchana, akaja nesi mmoja na redio aliyoikuta katika vitu vya marehemu mjomba wake.

"Fundi, kuna kanda imekwama humu. Ukishindwa, itupe tu."

Baba akafungua skrubu nne, akaichomoa taratibu, akaifuta vumbi. Akasoma maandishi ya kalamu, halafu akanipa na mimi nisome. Saa Sita Kasorobo.

Tukaiweka kwenye mashine nzima. Gitaa likaingia, mwanamume akaimba ubeti, kisha wanawake wakaitikia. Watatu.

"Yupi?" niliuliza.

"Huyo wa juu."

Nilimsikiliza wa juu. Kimoyomoyo nikamwamkia: shikamoo, mama. Wimbo ukaisha. Baba akairudisha kanda mwanzo. Safari hii akakunja uso.

"Hapana. Wa chini. Mama yako alikuwa na sauti nzito kidogo."

Nikamwacha yule wa juu, nikahamia kwa wa chini. Mara ya tatu baba akainamisha sikio hadi karibu na spika. Nesi akauliza kama redio itapona.

"Baba, yupi?"

"Kiongozi wao alikuwa mkali," akasema polepole. "Hakutaka mmoja asikike juu ya wenzake. Alitaka watatu wawe mtu mmoja. Lakini mimi nilikuwa namjua, mwanangu. Nilikuwa nasimama nje ya ukumbi, mlango umefungwa, na namjua." Akachukua kitambaa cha kufutia mashine, akajifuta nacho uso, grisi ikambaki shavuni. "Nimemsahau. Mke wangu, nimemsahau."

Nilikuwa na maneno yangu, ya miaka mingi, makali. Yote yalinitoka kichwani. Muda wote ule nilidhani tunaitafuta kanda kwa ajili yangu, mimi nisiyewahi kumsikia; kumbe yeye alikuwa anampoteza kila mwaka, kidogo kidogo, na hakuwa na wa kumwambia.

Nikavuta stuli yangu hadi ikagusa ya kwake. Nikabonyeza kitufe, na tukakaa tukimsikiliza mama katikati ya wenzake.