Ghorofa Thelathini na Nne, Cherehani Moja

Mama Mideva hajawahi kumdanganya mteja kuhusu mwili wake. Ukimletea suruali ya mtumba uliyonunua juzi na leo haipandi, hatasema waliokuuzia walikosea saizi. Atakutazama kutoka kifuani mpaka magotini, atoe pini mdomoni, aseme, "Suruali haina makosa, baba. Hizo ni chapati." Halafu ataipanua, na ataipanua vizuri, na mwezi ujao utarudi tena kutukanwa.

Mimi namjua kwa sababu nilikuwa napiga viatu rangi hatua tatu kutoka kwa cherehani yake. Naitwa Lusweti. Tulikuwa kwenye veranda ya jengo moja la zamani katikati ya Eldoret, mabati yameshika kutu, ukutani jina la duka la vitambaa la Mhindi aliyeondoka kabla sijazaliwa. Nilipofika na kisanduku changu yeye alikuwa amekaa pale miaka kumi na moja tayari. Siku ya kwanza aliniuliza kama Wabukusu tumeishiwa na ng'ombe wa kuchunga mpaka tumekuja mjini kuwasugua watu miguu. Nikamjibu kwamba nimesikia Wamaragoli wenzake wamejaa kwao mpaka wanalala kwa zamu. Tukawa ndugu tangu hapo.

Alitoka Chavakali akiwa msichana, akaolewa na mwanamume wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kikafungwa. Mume akalala kitandani mtaani Huruma miaka miwili akingoja kuitwa kazini, hakuitwa, na mwishowe akaitwa na Mungu. Mama alipomaliza matanga aliuza kile kitanda akanunua cherehani. Alisema kitanda kile kilikuwa kimeshafundisha mtu mmoja uvivu na hataki kifundishe watoto. Wakalala sakafuni, wanne na yeye wa tano, na wote wanne wamesomeshwa na ile mashine. Mmoja ni nesi Kitale.

Jumapili ni mtu wa kanisa, tena wa maombi. Na hapa lazima niseme ukweli ingawa atanikasirikia: maombi yake ni marefu kupita kiasi. Ukimpa aombee chakula, ugali unapoa mpaka unashika ngozi. Kwenye matanga, viongozi wenye akili humtuma jikoni saa ya maombi ikikaribia.

Sasa, mwaka jana mwenye lile jengo akaliuza. Kampuni ya kutoka Nairobi ikaja ikasimamisha ubao mkubwa mbele yetu, na kwenye ubao picha ya jumba la vioo, ghorofa thelathini na nne, buluu tupu kutoka chini mpaka mawinguni. Mji mzima ukapata kazi ya kubishana. Tangu tuitwe jiji watu wetu walikuwa wanatafuta kitu cha kujionyesha nacho, na hicho hapo.

Kinyanjui wa duka la hadwea alisema ni maendeleo, na sote tukajua ana maana ya misumari yake. Wanariadha walisema watapanda zile ngazi asubuhi badala ya kwenda mazoezini Iten. Mchungaji mmoja akahubiri mnara wa Babeli wiki tatu mfululizo, halafu nikamwona akipigwa picha mbele ya ubao, amevuta tumbo ndani. Mama wa mboga aliuliza swali ambalo mpaka leo sijasikia jibu lake: mvua ya mawe ya hapa kwetu inatoboa mabati, hivyo vioo vimeahidiwa nini? Na kila aliyekuja kupigwa viatu rangi alikuwa injinia. Nimesikia juu ya misingi na upepo mpaka nikatamani watu wavae ndara.

Mama Mideva hakubishana. Alishona tu. Alichouliza ni kimoja: "Na sisi?"

Jibu lilikuja na Hellen, karani wa ofisi ya mipango, ambaye sare za watoto wake zilishonwa pale. Alituambia kutakuwa na kikao cha maoni ya wananchi. Kitakachosemwa pale kitaandikwa kwenye ripoti. Mtu atakayesimama akasema anafanya kazi kwenye lile jengo, ataandikwa, na walioandikwa watapewa vibanda soko jipya. Karatasi za kampuni zinasema jengo lina wapangaji saba tu, wa ndani. "Watu wa veranda hamko mahali popote," Hellen alisema. "Semeni. Ni siku hiyo tu, hakuna nyingine."

Watu wa veranda tulikuwa wawili. Mama Mideva alikariri maneno yake wiki nzima, anakanyaga mashine huku midomo inatembea. Mimi sikukariri chochote. Nilisikia kutakuwa na kuku.

Kikao kilifanywa kwenye ukumbi upande wa Kimumu. Mlangoni tuliandika majina na namba za simu kwenye karatasi, lakini hiyo ilikuwa karatasi ya chakula, kila Mkenya anaijua. Mbele kulikuwa na meza, na juu ya meza mfano wa jumba lenyewe, wa plastiki, unafika mtu kiunoni. Chini yake wamepanga magari madogo, miti midogo, na watu wadogo. Mkurugenzi wa kampuni, kijana wa suti, alizungumza saa nzima. Msimamizi wa kikao, Bwana Kimeli, alikuwa mgeni katika kazi hiyo, ametumwa kutoka mbali, na alikuwa akiangalia saa yake zaidi kuliko alivyokuwa akituangalia sisi. Akatangaza maoni, mtu mmoja dakika mbili.

Mkono wa Mama Mideva ulipanda kabla Kimeli hajamaliza kusema. Kitambaa cheupe kichwani, mkono juu, umenyooka. Maiki ikaenda kwa Kinyanjui. Ikaenda kwa mchungaji wa Babeli, ambaye alikuwa amebadilisha mawazo. Ikaenda kwa mzee mmoja kutoka Turbo aliyetaka kujua kama mwanga wa vioo utafika kwenye mahindi yake, na alipoambiwa Turbo ni mbali alisema jua nalo ni mbali. Halafu yule aliyebeba maiki akakosa njia kati ya viti, akanipa mimi.

Sijui shetani gani aliniingia. Nilisimama nikasema, "Naitwa Lusweti, nafanya kazi ya viatu kwenye veranda ya hilo jengo. Swali langu ni moja. Stima ikipotea, na mtu yuko kwenye lifti ghorofa ya thelathini, na haja imemshika, kampuni imempangia nini?"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Hata mkurugenzi alicheka. Nilimwona Hellen pale mbele akiandika huku anacheka. Nikaketi nikijiona mtu mkubwa sana.

Mama Mideva hakucheka. Mkono wake ulikuwa bado juu. Akaniambia bila kugeuka, "Umepewa maiki, Lusweti. Umeitumia kuuliza mambo ya choo."

Hapo ndipo nilipokumbuka tulichojia. Nikainua mkono tena. Bwana Kimeli akatazama saa, akasema muda umeisha, maoni yamepokelewa, chakula kiko tayari. "Lakini hatuwezi kuondoka hivi hivi," akasema. "Mama yule wa kitambaa cheupe, nimeona umeinua mkono muda mrefu. Njoo utufungie kwa maombi."

Majirani zake wa Huruma waliokuwa ndani ya ukumbi walitazamana. Mmoja nyuma yangu alisema polepole, "Yesu, kuku wetu." Mama Mideva alienda mbele taratibu, akaichukua maiki kwa mikono miwili, akasema tusimame. Tukasimama wote, vichwa chini, macho tumefunga. Mimi nilifungua moja.

"Baba," akaanza, "wewe unajua mimi ni Mideva. Wakubwa hawa hawajui, Baba, lakini wewe unajua. Unajua nimekaa kwenye ile veranda miaka ishirini na sita, mvua yako ikinyesha, jua lako likiwaka."

"Amina," watu wakasema.

"Unajua nimeshona sare za nusu ya watoto wa mji huu. Hata huyu msimamizi, Baba, suruali aliyovaa imepanuliwa, naona mkono wa fundi. Mbariki fundi huyo."

"Amina."

"Bwana, tazama mnara wao huu wa plastiki. Wamepanga miti. Wamepanga magari. Wamepanga hata mzungu mwenye mbwa, Baba, na wewe unajua pale kwetu hakuna mzungu mwenye mbwa. Mideva hawajampanga. Lusweti hawajampanga, ingawa akili umemnyima."

"Amina," wakasema kwa nguvu.

Bwana Kimeli alikuwa anahangaika. Nilimwona akifungua macho, akifunga, akiinua mkono kidogo, akiushusha. Lakini afanye nini? Hapa kwetu unaweza kumkatiza gavana akizungumza. Mtu anayeomba, hapana. Mkurugenzi naye alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa tai, na kila Mama akivuta pumzi alisema amina pamoja na sisi.

"Hatukatai vioo, Bwana. Wajenge mpaka wakufikie. Tunaomba mahali pa cherehani moja na kisanduku kimoja cha viatu. Mguse mkurugenzi, Baba. Mguse Bwana Kimeli. Usiwaache wale chakula hiki kwa amani kabla hawajatupa mahali. Waumwe na tumbo kidogo, Bwana, lakini wasife."

Aliomba dakika kumi na nane. Hakuna mwanasheria angeyapanga maneno yale vizuri zaidi. Alitaja miaka, akataja jengo, akataja soko jipya, akataja mpaka namba yake ya kitambulisho, akimkumbusha Mungu. Aliposema amina ya mwisho ukumbi ulipiga makofi, jambo ambalo halifanywi kwa maombi, na watu walimshika mkono kwenye foleni ya kuku. Mkurugenzi mwenyewe alimwambia, "Mama, umetugusa." Nilikula mapaja mawili kwa furaha. Nilijua ameniokoa na upumbavu wangu.

Baada ya wiki tano walibandika orodha ya vibanda. Nilisoma mara tatu. Wapangaji saba wa ndani, halafu mtu wa nane: Bwana Lusweti, fundi viatu, veranda. Baada yangu hakukuwa na mtu.

Tulienda kwa Hellen. Alileta ripoti, akafungua ukurasa wa mwisho, na hakutuangalia usoni. Swali langu la choo lilikuwa limeandikwa lote, na jina langu, na kazi yangu, na mahali ninapofanyia. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja tu. Kikao kilifungwa kwa maombi saa saba na dakika arobaini.

"Nilisema kila kitu," Mama Mideva akasema.

"Mama, maombi hayaandikwi," Hellen akamwambia. "Ulipoanza kuomba, mimi niliweka kalamu chini. Nilifunga macho." Alikuwa anakaribia kulia. "Kila mtu alifunga macho, Mama."

Ni kweli. Mimi niliyefungua moja niliiona ile kalamu ikilala mezani, na sikufikiria kitu. Mama Mideva hakumgombeza. Alisema tu, "Basi Mungu ndiye mwenye nakala," akatoka. Mimi niliona aibu kila mtu alipokuja kunipongeza kwa kupata kibanda. Nilienda ofisini kuomba jina libadilishwe. Wakaniambia kibanda hakihamishwi. Mwenye jina asipoonekana, kitapewa mwingine aliye kwenye foleni.

Walipokuja kubomoa, nilibeba cherehani mgongoni mpaka soko jipya bila kumuuliza. Nikaiweka ndani ya kibanda, nikarudi nikamwambia aje anione nikijaribu kushona. Alikuja kwa hasira, akaketi ili mimi nisiguse sindano, akabaki. Mimi nikaweka kisanduku changu pale mlangoni.

Wiki ya pili akaja ofisa wa soko na orodha yake, kijana ambaye hatukuwa tumemwona. Alikuwa anapita kibanda kwa kibanda, mbio mbio, anaweka alama.

"Lusweti ni nani hapa?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Mama Mideva akanitangulia, bila kuinua kichwa kutoka kwa kitambaa. "Ni mimi."

Kijana akaangalia karatasi. "Imeandikwa Bwana. Fundi viatu."

"Soma tena vizuri. Imeandikwa fundi. Unaona fundi mwingine ameketi hapa?"

Kijana alimwangalia, akaangalia cherehani, akaangalia mstari mrefu wa vibanda uliokuwa bado unamngoja. Akaweka alama. Halafu akanigeukia. "Na wewe uko kwenye orodha?"

Nilimtazama Mama Mideva. Mguu wake ulikuwa umesimama juu ya kikanyagio, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, yule mama alikuwa anaogopa.

"Mimi siko," nikasema.

"Basi ondoa hicho kisanduku. Asiye kwenye orodha afanyie kazi nje ya geti."

Nikakusanya brashi zangu na makopo ya rangi. Nilipoinuka nikamwambia Mama, "Kazi njema, Lusweti."

Alitoa pini mdomoni, taratibu, akanitazama kutoka juu mpaka chini kama anavyomtazama mteja. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Asante, baba," akasema. "Na wewe jina lako ni nani vile?"

Nikamwambia nitalitafuta nikifika nje.