Matundu ya Kiunoni

Suruali yangu ya mpira ilikuwa ikivuja, na nilijua kuna mtu anaitoboa. Miaka hiyo ya sabini nilikuwa nikivua samaki mto Athi, upande wa Mutomo, na hakuna mwingine aliyekuwa na vazi kama langu: suruali nzito ya kijani, imeungana na gambuti kwa chini, na juu inafika kifuani. Niliinunua kwa mwenye duka mmoja mjini, mtu wa asili ya pwani. Ndiye pia aliyekuwa mteja wetu mkubwa, maana wakati huo Mkamba ukimpelekea samaki alikutazama kama umemletea nyoka.

Tulivua wawili. Mwenzangu, tuliyetahiriwa naye siku moja, alishika ncha moja ya wavu pale ukingoni. Mimi niliingia majini na ncha nyingine, nikazunguka nayo kuelekea kilindini, ambako kambare wakubwa walikaa. Bila suruali ile, baridi ya Julai ingenitia ganzi miguuni kabla sijafika popote.

Mke wangu hakuwahi kukanyaga mtoni. Mamba alimchukua ndugu yake mtoni humo kabla sijamwoa, na tangu hapo alichota maji kwenye visima vya mchanga, hata kama ni mbali. Habari za mto hatukuzizungumza nyumbani.

Maji yalipoingia mara ya kwanza nilimshuku mwenye duka. Nikasema ameniuzia kitu kikuukuu kilichopakwa rangi. Nilimpelekea fundi wa baiskeli, akaziba kwa kipande cha tyubu na solusheni. Yalipoingia tena nikamshuku fundi, kwani anayekula kwa viraka hawezi kuyachukia matundu. Nikaanza kuziba mwenyewe. Haikusaidia kitu.

Ndipo nikayatazama matundu yenyewe vizuri. Yalikuwa madogo, ya mviringo, na yote yako kiunoni. Miguu mizima, magoti mazima. Mwiba gani huo unaochagua mahali? Nikisimama kwenye maji ya mapajani sihisi kitu, lakini yakifika kiunoni tu, baridi inanichoma tumboni narudi mbio huku nikitukana.

Suruali ilikuwa ikilala kwa mwenzangu, maana boma lake lilikuwa karibu na mto. Siku moja nilimuuliza waziwazi kama yeye huijaribu nikiwa sipo.

"Munyanya," alisema, akinipa lile neno letu la urafiki, "wewe hata kivuli yako unashuku."

Alicheka, lakini hakunitazama machoni. Niliona. Nikaibeba suruali yangu hadi nyumbani nikaifungia ghalani pamoja na mahindi. Safari iliyofuata ilivuja vilevile. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na aliyezikaribia nguo zangu kuliko wote ni yeye. Labda ana ufunguo. Labda hupitia paani. Niliumia, sitaficha, kwa sababu sikuwa na rafiki mwingine kama yule. Hata hivyo niliamua kwenda kuukata wavu wetu katikati, kila mtu abebe nusu yake, tusijuane tena.

Nilikuwa nusu ya njia nilipokumbuka kwamba kisu nimekisahau. Nikarudi.

Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni pa ghala, suruali imelala mapajani mwake. Mkononi alikuwa na shazia, ile sindano nene aliyoshonea mikanda ya vyondo, na uzi wa katani wenye fundo. Aliuweka uzi kwenye kisigino cha gambuti, akaunyoosha kupanda juu hadi fundo, kama anavyopima kiondo. Kwenye fundo akadunga.

"Asi! Kumbe ni wewe!"

Hakuinuka. "Ni mimi, baba watoto."

"Unataka tulale njaa?"

"Ndugu yangu maji ilimfikia hapa," akasema, akijigusa kifuani. "Alikuwa anacheka. Kama ingemuuma hapa chini kwanza, angerudi."

Hasira yangu ilitafuta pa kwenda isipate. Nikamuuliza kipimo hicho amekitoa wapi, yeye asiyefika mtoni.

"Kwa rafiki yako. Nilimuuliza maji inakufika wapi kabla chini haijaisha na kilindi kuanza. Akanishikia uzi mwilini mwake, kwa sababu mko urefu sawa, akafunga fundo. Ilipokuwa ikilala kwake alidunga yeye; ulipoileta hapa, nikadunga mimi."

Kwa hiyo nilikuwa nimemshuku kwa haki. Nilikaa chini palepale kwenye maganda ya mahindi, na machozi yakanitoka mbele ya mke wangu.

Kisu nilikiacha nyumbani. Kesho yake nilivaa suruali bila kuziba tundu hata moja, nikachukua ncha yangu ya wavu nikaingia. Baridi iliponichoma kiunoni nilisimama, nikageuka kumwita mwenzangu avute. Alikuwa ameshaanza kuvuta.